Iliyopitiwa na Iliyopitishwa

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye kitambulisho, lakini ofisini hakuna aliyelihitaji. Walimwita Mama Hatua, naye akaitika. Alianza kazi akiwa mpiga chapa, enzi za mashine za chuma zilizolia utadhani mtu anabomoa ukuta, na sasa alikuwa na kazi ambayo ukimwelezea jirani, jirani anakutazama kwa huruma kisha anakuuliza habari za watoto. Mama Hatua aliandika taratibu. Basi, hiyo ndiyo kazi. Ofisi yao ilitengeneza programu za kompyuta kwa ajili ya kliniki, na programu haitengenezwi kiholela: yuko anayeiandika, yuko anayeijaribu, yuko anayesoma ripoti ya majaribio, yuko anayeipeleka kwa mteja. Nani aanze, nani afuate, nani asubiri nini kutoka kwa nani, yote hayo aliyaandika yeye, hatua kwa hatua, na chini ya kila hatua mistari miwili: Kinachohitajika. Kinachotoka.

Alikuwa mdadisi kupita kiasi, na sisemi hivyo kumsifu. Mtu akija amechelewa akasingizia foleni, Mama Hatua alitaka kujua foleni ilianzia wapi, iliishia wapi, na kama mwisho wake haukuwa mwanzo wa foleni nyingine. Mume wake, fundi redio mstaafu, alikuwa akisema kuishi na mwanamke huyu ni sawa na kuhojiwa na polisi, ila polisi hawakupi chai.

Fahari yake kubwa ilining'inia ukutani karibu na mtungi wa maji ya kunywa, ndani ya fremu ya kioo. "Utaratibu wa Kutoa Toleo." Hatua kumi na mbili, ukurasa mmoja, herufi kubwa. Mkurugenzi alikuwa ametaka utaratibu ambao mtu anaweza kuusoma amesimama, kikombe mkononi, akaumaliza kabla ya maji kwisha. Mama Hatua akampa. Wageni walikuwa wakipelekwa kuuona.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Toleo jipya la programu ya miadi lilikwenda kwenye kliniki moja, na programu ikawaita watu arobaini na wawili siku ambayo kliniki imefungwa. Wagonjwa hao! Wengine wametoka mbali, mmoja bibi wa kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu, wanafika wanakuta kufuli. Aibu iliyoje! Mkurugenzi akataka mtu wa kumbebesha lawama, na mtu wa namna hiyo hupatikana upesi. Akapatikana mpimaji, yule dada aliyekuwa na kazi ya kuijaribu programu kabla haijatoka. Mtu mpole, wa miaka thelathini na kitu, anayekula chakula chake cha mchana mezani pake na kukunja mfuko wake vizuri akimaliza. Hatua ya nane ukutani ilisema: Mpimaji anatoa toleo kwa mteja. Kinachohitajika: ripoti iliyopitishwa. Na ripoti ya toleo lile haikuwa imepitishwa na mtu yeyote. Kikao kikawekwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Akishindwa kujieleza, kazi hana.

Na Mama Hatua je? He! Yeye alikuwa shahidi. Mkurugenzi alimwita akamuuliza karatasi inasemaje, naye akajibu bila kupepesa macho, "Karatasi iko wazi, bosi. Asiyeielewa hakuisoma." Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Wiki hiyohiyo mhandisi mmoja mrefu, waliyemwita Mlingoti, alimaliza kutengeneza kitu chake. Ilikuwa programu ya kusoma taratibu. Haifanyi kazi iliyoandikwa humo, haimwiti mtu, haimngoji mtu. Inasoma tu karatasi kutoka juu hadi chini na kusema palipo na kasoro. Wenzake hawakuipenda hata chembe. Waliibatiza Mama Mkwe, kwa sababu haipiki wala haioshi chombo, inafunua sufuria tu na kutaja kilichokosekana.

Wengine wakiikwepa, Mama Hatua alivuta kiti hadi mezani kwa Mlingoti siku ya Ijumaa na kuanza.

"Hebu nieleze, mwanangu. Kazi yenyewe haijaanza, na hii imeshaona kosa? Imelionaje?"

"Mama, ukishika ndoo isiyo na kitako, unahitaji kuijaza maji ndipo ujue inavuja?"

"Sihitaji. Naiangalia."

"Basi na hii inaangalia. Kila hatua inahitaji kitu fulani. Hii inauliza: hicho kitu kimetoka hatua gani ya nyuma? Kama hakuna hatua inayokitoa, hapo kuna kasoro. Halafu inageuza swali: hiki kilichotoka, nani anakitumia mbele? Kama hakuna, napo pana walakini."

"Ni hayo tu?"

"Kuna mengineyo. Kama wawili wanangojeana, kila mmoja anasubiri mwenzake aanze, inawaona. Lakini hayo mawili ndiyo yanayoumbua wengi."

Mama Hatua akacheka. Alikwenda nyumbani na hilo swali kichwani kama mtoto aliyepewa filimbi. Jumapili asubuhi, nyuma ya bahasha, akaandika Utaratibu wa Kutoka Nyumbani: mke anaamka, mume anaamka, mume anavaa, mke anazima jiko, mlango unafungwa, safari. Kila hatua na mistari yake miwili. Mume akachungulia begani pake.

"Sasa hata kuvaa kwangu kumeingia kwenye serikali yako?"

"Nyamaza, nakufanyia utafiti."

Jumatatu Mlingoti akamwonyesha jinsi ya kuiingiza bahasha ile kwenye kompyuta, neno kwa neno. Mama Mkwe akasoma, hakumaliza hata sekunde mbili. Akaleta mistari miwili. Hatua ya 5 inahitaji "ufunguo": hakuna hatua inayoutoa. Hatua ya 3 inatoa "mume aliyevaa": hakuna hatua inayomtumia.

Mama Hatua alicheka mpaka akashika meza. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na kila asubuhi ufunguo unatafutwa chini ya mito! Na yule mume aliyevaa, maskini, kweli hakuwa na pa kwenda tangu astaafu. Alicheka, kisha akamfikiria kidogo, kisha udadisi ukamrudia kwa kishindo. Kama kitu hiki kimeijua nyumba yake kwa kusoma bahasha, kitasemaje kuhusu ile karatasi ya ukutani? Na nisifiche: aliona pia itapendeza kwenda kwenye kikao cha Alhamisi na kusema hata mashine imeikubali.

Akaiingiza karatasi yake, hatua zote kumi na mbili. Akakunja mikono, akangoja sifa.

Hatua ya 8 inahitaji "ripoti iliyopitishwa": hakuna hatua inayoitoa. Hatua ya 6 inatoa "ripoti iliyopitiwa": hakuna hatua inayoitumia.

"Loo!" akasema. "Hii nayo ina ujinga wake. Mlingoti! Njoo umwone mkwe wako. Ripoti ndiyo hiyohiyo. Mhakiki anaipitia hatua ya sita, mpimaji anaitumia hatua ya nane. Inaona ripoti mbili ilipo moja."

Mlingoti akainama akasoma. "Maneno si mamoja, Mama. Huku iliyopitiwa, huku iliyopitishwa."

"Si ni kuandika tu? Kuna tofauti gani?"

"Mimi uniulize nini, wewe ndiye mwandishi. Mashine haijui lugha, inaona maneno mawili basi. Naweza kuiambia kwamba hivi ni kitu kimoja. Nikiiambia hivyo itanyamaza." Akajikuna kidevu. "Lakini je, ni kitu kimoja?"

Mama Hatua akasoma tena mistari ile miwili. Alikuwa amesema lugha hii tangu anyonye. Mtu aliyepitiwa na usingizi hakupitishwa na usingizi. Mtihani unaweza kupitiwa na walimu kumi na mtoto asipitishwe hata darasa moja. Kupitia ni macho. Kupitisha ni uamuzi. Akainuka pale bila kuaga, akaenda kumtafuta mhakiki.

Mhakiki alikuwa bwana wa miwani mbili, moja puani, moja kipajini, na hakuna aliyewahi kumwona akiibadilisha. Kazi yake ilikuwa kusoma ripoti za majaribio alizoandika mpimaji.

"Kaka," Mama Hatua akamwambia, "ukimaliza kusoma ripoti unafanya nini?"

"Naweka alama ya vema pembeni. Maana yake nimefika mwisho, sikupitiwa njiani." Akacheka utani wake mwenyewe.

"Ile ya programu ya miadi uliisoma?"

"Yote."

"Na ukurasa wa tatu?"

Mhakiki akaacha kucheka. "Niliuona. Dada wa watu aliandika waziwazi kwamba programu inachanganya siku za kufungwa. Nikapigia mstari. Mkubwa ndiye wa kuamua itoke au isitoke."

"Mkubwa yupi?"

"Anayepitisha."

"Nani huyo?"

"Ala! Si wewe mwenye karatasi?"

Hapo ndipo mambo yalipoanza kumnogea na kumtisha kwa pamoja. Mpimaji alikuwa ameliona kosa, ameliandika. Mhakiki alikuwa ameliona, amelipigia mstari, ameweka vema. Mpimaji aliporudishiwa ripoti yenye vema, aliielewa alama hiyo kama kila mtu ofisini alivyoielewa tangu shule ya msingi: sawa, imepita, endelea. Kosa lilipita mikononi mwa watu wawili makini na hakuna aliyekuwa na kazi ya kusema ndiyo au hapana.

Kesho yake akamvizia mkurugenzi kwenye ngazi.

"Bosi, swali dogo. Ripoti za majaribio nani anazipitisha?"

"Mhakiki. Si ndiyo kazi yake?"

"Wewe hazikufikii?"

"Zamani nilikuwa naletewa, naziwekea sahihi." Mkurugenzi akaangalia saa. "Halafu zikaacha kuja, nikajua mambo yamenyooka."

"Zikaacha lini?"

"Mama Hatua, una maswali wewe! Tulipohamia jengo hili. Miaka minne sasa."

Miaka minne. Fremu ya ukutani nayo ilikuwa na miaka minne. Mama Hatua alishuka ngazi hadi chumba cha majalada, kile chenye taa inayopepesa, akavuta sanduku lake la rasimu. Vumbi likamwingia puani. Akapekua taratibu za likizo, taratibu za vifaa, hadi akaikuta rasimu ya Utaratibu wa Kutoa Toleo, ya kabla ya fremu. Ilikuwa na hatua kumi na tatu.

Ya sita: Mhakiki anasoma ripoti. Kinachotoka: ripoti iliyopitiwa. Ya saba: Mkurugenzi anasoma ripoti iliyopitiwa, anaikubali au anaikataa. Kinachotoka: ripoti iliyopitishwa. Na juu ya hiyo ya saba, mstari wa kalamu nyekundu kutoka ukingo hadi ukingo. Pembeni, kwa mwandiko wake mzuri wa kizamani, ule uliowahi kupewa zawadi shuleni: Marudio. Ifutwe.

Alikumbuka sasa. Ukurasa ulikuwa unazidi mistari mitatu, fremu imeshanunuliwa, na yeye akaona watu wawili wanasoma ripoti moja wakifuatana, akasema hapa pana porojo. Akafuta, hatua za chini zikapanda ngazi moja, ukurasa ukakaa sawasawa. Nyani haoni kundule. Tangu siku ile yametoka matoleo thelathini na moja, na kila moja lilitolewa kinyume cha karatasi, kwa sababu karatasi yenyewe haikuacha njia nyingine.

Sitawadanganya kwamba alikimbia moja kwa moja kusema. Alikaa juu ya lile sanduku muda mrefu, amejaa aibu na hofu. Rasimu ilikuwa moja tu. Na Mlingoti alishasema, ukiiambia mashine kwamba maneno mawili ni kitu kimoja, itanyamaza. Kazi ya dakika moja. Aliufikiria ule ukimya, akaona jinsi utakavyomfaa yeye, na jinsi Alhamisi yule dada atakavyokusanya vitu vyake mezani. Akaikunja rasimu akaitia kwenye mkoba.

Alhamisi, saa nne. Chumba cha mikutano, meza ndefu, madirisha yasiyofunguka. Mkurugenzi kichwani, mhakiki na miwani yake, mpimaji peke yake upande wa pili, mikono juu ya mapaja. Alikuwa amevaa kama mtu anayekwenda kuomba kazi. Ile fremu walikuwa wameiteremsha ukutani na kuilaza mezani.

"Mama Hatua," mkurugenzi akasema, "tusomee hatua ya nane."

Akasoma. Kisha akasema, "Naomba nisome na ya sita." Akasoma. "Ya sita inatoa ripoti iliyopitiwa. Ya nane inataka iliyopitishwa. Katikati iko ya saba, kuandaa barua ya mteja, haina habari na ripoti. Sasa nitafutieni nyie kwenye kioo hiki, hatua gani inaipitisha?"

Mkurugenzi akavaa miwani, akainamia fremu. Kidole chake kilishuka karatasi yote, kikapanda, kikashuka tena.

Mama Hatua akatoa rasimu, akaikunjua juu ya kioo. "Hii ndiyo saba ya zamani. Ilikuwa yako, bosi."

"Nani aliifuta?"

"Mimi. Ukurasa haukutosha, nikadhani ni marudio. Ripoti ikapitiwa, na mimi nikapitiwa."

Mhakiki alicheka kwa pua, akaficha kwa kikohozi. Mkurugenzi hakucheka. Aliitazama rasimu, akamtazama mwanamke aliyefanya naye kazi miaka ishirini na miwili, na uso wake ukalainika. "Basi," akasema taratibu, "tuandike kwamba lilikuwa kosa la uchapaji. Tumalize."

"Hapana, bosi. Mchapaji hakosei kwa kalamu nyekundu. Nilifikiri, nikaamua, nikakosea. Mngemweka malaika mahali pa huyu dada, angefuata karatasi hii na bado mngemfukuza. Na mimi nilikuja ofisini kwako nikasema asiyeielewa hakuisoma. Hilo nalo naomba liandikwe."

Liliandikwa. Mkurugenzi alifunga jalada la mpimaji, akamwambia kesi imekwisha arudi mezani kwake, na akamwomba radhi kwa maneno machache makavu, kama mtu asiyezoea. Mama Hatua akaambiwa barua yake ya onyo itakuja, akasema ataipokea. Wanaume wakatoka.

Wakabaki wawili na ile fremu. Niseme kweli, Mama Hatua alitegemea asante. Si kubwa. Hata ya macho tu.

"Mama," mpimaji akasema, "ile mashine iligundua siku gani?"

"Jumatatu. Mwanangu, ungeona! Haikuchukua sekunde mbili."

"Mimi niligundua mwezi wangu wa pili hapa."

Mama Hatua akageuka.

"Nilikuja mezani kwako. Nilikuwa nimeandika kwenye kijikaratasi ili nisikosee. Nikasema, Mama, shikamoo, hatua ya nane inataka ripoti iliyopitishwa, je, nani anaipitisha? Ukasema, marahaba, soma karatasi mwanangu, kila kitu kimo. Hukuinua macho."

"Mbona hukusema leo? Mbona hukusema wiki nzima hii?"

"Ningesema nini? Kwamba mwenye karatasi aliniambia nisome karatasi?" Sauti yake haikupanda. "Niliisoma. Nikaisoma tena. Halafu nikaona wenzangu wote wanaendelea, nikadhani mimi ndiye mjinga."

Mama Hatua aliutafuta mchana huo kichwani mwake. Alitafuta sauti, kijikaratasi, msichana mgeni amesimama mbele ya meza. Hakuona kitu. Kama angekumbuka, angalau angekuwa na la kujitetea, angesema nilikuwa na haraka, nilikuwa naumwa kichwa. Hapakuwa na hata alama. Swali lilelile, kwa maneno yaleyale. Lilipotoka kwenye kompyuta alizunguka nalo jengo zima siku mbili, na lilipotoka kinywani mwa mtu hakusimama hata kulisikia. Machozi yalimjia, akayaacha.

"Kuna jingine uliwahi kuniuliza?" akasema hatimaye.

Mpimaji alimtazama kwa kitambo, kama mtu anayepima kama inafaa kujisumbua. Kisha akavuta kiti, akaketi.

"Yapo matatu," akasema.